James Thurber: alichora kama mtoto wa chekechea, akawa mkubwa wa wachekeshaji wa Marekani. Ilikuwaje?

#1 Wino Mweusi

Wakuu, habari za jioni.

Naomba tumjadili James Thurber. Kwa asiyemjua: Mmarekani, mzaliwa wa Columbus, Ohio, mwaka 1894, akafariki New York mwaka 1961. Aliandika visa vya kuchekesha, ngano, tamthilia na hadithi za watoto, na juu ya hayo yote alichora mamia ya katuni za jarida la The New Yorker. Sasa zitazameni hizo katuni. Watu wake utadhani hawana mifupa. Shingo hamna, vidole hamna, kiti kimelalia upande, taa inaning'inia pasipo dari. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sanaa akimpelekea mwalimu mchoro wa namna hiyo atarudishwa nao.

Ila mimi kila nikizitazama nacheka. Wachoraji hodari wa jarida lile lile, waliojua kivuli na umbali na jinsi nguo inavyokunjika, wengi wao nimeshawasahau. Huyu hatoki kichwani.

Dai langu ni hili: Thurber alikuwa mchoraji kwanza, mwandishi baadaye, na siri yake ni mstari usiofutwa. Alichora haraka, hakurudia, hakusafisha. Mnaomfahamu mnasemaje? Michoro mibovu kiasi hiki imeishije hadi leo?

#2 Bi Mkasi

Nafuatilia. Mimi namjua kwa mbwa tu. Yule mbwa mkubwa mwenye masikio ya kuning'inia na miguu mifupi si wa kwake?

#3 Mzee wa Posta

Ndiye huyo, Bi Mkasi. Mwenyewe alieleza kwamba alikusudia kuchora mbwa mkubwa wa kunusa nyayo, lakini alikuwa anachorea kijikaratasi cha pembeni ya simu. Kichwa na mwili vikala nafasi yote, miguu ikabidi iwe mifupi. Akabaki hivyo hivyo maisha yake yote.

Kwa swali la Wino, mbona jibu liko wazi? Ni jicho. Alipokuwa na miaka 6, huko kwao Ohio, walikuwa wanacheza na kaka yake William mchezo wa yule Mswisi aliyelipiga mshale tufaha kichwani mwa mwanawe. Mshale ukaachiwa, ukamwingia jicho la kushoto. Likaharibika kabisa. Jicho la kulia nalo likaanza kufifia taratibu hadi akawa kipofu. Mtu wa jicho moja haoni umbali wa vitu kama sisi. Ndiyo maana kwenye picha zake kiti na ukuta viko mahali pamoja.

#4 Shemeji wa Columbus

Mzee wangu shikamoo. Habari ya mshale ni ya kweli, ila haikutokea Ohio. Ilikuwa mwaka 1901 kule Falls Church, Virginia. Baba yao alikuwa amepata kazi Washington, familia ikahamia huko kwa muda.

Naishi Columbus na nimeitembelea nyumba yao, namba 77 Jefferson Avenue. Waliishi pale kuanzia 1913 hadi 1917, James akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Tangu 1984 ni makumbusho na kituo cha waandishi. Ni nyumba ya matofali isiyo kubwa, na ngazi zake ndizo zile za kwenye kisa chake cha mzimu. Ukisimama chumba cha kulia chakula unakumbuka kila kitu: usiku wa tarehe 17 Novemba 1915 alisikia nyayo za mtu zikiizunguka meza mbio mbio. Mama mtu akatupa kiatu kikavunja dirisha la jirani ili aite polisi. Polisi wakaja. Babu aliyekuwa amelala darini akawadhania ni askari watoro wa vita vya zamani, akampiga mmoja risasi ya bega!

Kinachonivutia ni kwamba kisa chote hicho ameking'ang'aniza ndani ya kurasa chache na hujui ucheke wapi kwanza.

#5 Wino Mweusi

Shemeji, asante kwa picha ya nyumba.

Mzee wa Posta, hoja ya jicho naiheshimu ila haitoshi. Miaka ya 1930, alipochora katuni zake bora, jicho la kulia lilikuwa bado linafanya kazi kwa miwani minene. Na alikuwa anachora hivyo hivyo tangu chuoni, kwenye jarida la ucheshi la wanafunzi ambalo yeye mwenyewe aliwahi kulihariri. Kilichombana ni operesheni 5 za jicho kati ya 1940 na 1941. Baada ya hapo alivaa kikuza-macho cha mafundi wa vitu vidogo, kile cha kufunga kichwani, na baadaye akachora kwa chaki nyeupe juu ya karatasi nyeusi. Mchoro haukubadilika sana. Kama tatizo lilikuwa macho, kwa nini mtu anayeona na mtu asiyeona wachore sawa?

Chukua katuni ya tarehe 30 Januari 1932. Mume na mke wamelala kitandani. Nyuma ya ubao wa kichwani mwa kitanda amekaa sili, yule mnyama wa bahari za baridi mwenye masharubu, ameinua shingo anatazama mbali. Mke kakasirika, anamwambia mumewe kwamba haya, iwe utakavyo, umesikia sili akibweka. Basi. Yule mke hatageuka. Yule mume hatasadikiwa milele. Na sili yupo pale.

#6 Chembechembe

Wino, hiyo katuni umeianzia mwisho. Ina historia, na historia yake inalibomoa dai lako la mstari usiofutwa.

Miaka mitatu hivi kabla ya hapo Thurber alikuwa anashiriki ofisi na E. B. White, mwandishi mwenzake wa The New Yorker. Alikuwa anachora kwa penseli kujifurahisha, anatupa. White ndiye aliyekuwa anaokota na kupitisha wino juu ya penseli. Mmoja wa michoro hiyo ulikuwa sili peke yake juu ya mwamba, anatazama vidoa viwili kwa mbali na kusema ni wavumbuzi. White akaupeleka kwenye kikao cha picha cha The New Yorker. Ukarudishwa. Rea Irvin, mkuu wa sanaa pale, aliambatanisha kichwa cha sili alichokichora vizuri yeye mwenyewe, na maelezo kwamba masharubu ya sili hukaa hivi. White akaurudisha tena na maelezo kwamba masharubu ya sili wa Thurber hukaa hivi. Wakaukataa tena.

Sasa mwaka 1932 Thurber akajaribu kumchora upya sili yule yule. Mwamba ukamshinda, ukawa unafanana na ubao wa kitanda. Akaona isiwe taabu, akachora kitanda, akalaza watu wawili. Kwa hiyo kurudia alirudia. Na bila White kuokota penseli zile chini, leo tusingekuwa na uzi huu.

#7 Bi Mkasi

Duh. Kumbe sili alikuwa na mwamba wake.

Basi mimi naona ni nadharia ya tatu: ajali. Mkono unaharibu, yeye hafuti, anaujengea kisa ule uharibifu. Mchoraji hodari asingefika pale maana mwamba wake ungekuwa mwamba.

#8 Kipepeo wa Usambara

Bi Mkasi umelenga. Kuna nyingine inayothibitisha hilo. Mwanamume sebuleni anamtambulisha mgeni wake: aliye juu pale ni mke wangu wa kwanza, na huyu hapa ni Bibi Harris wa sasa. Unatazama juu, unakuta mwanamke uchi yuko juu ya kabati la vitabu, kapiga magoti na mikono kama paka.

Thurber alieleza kwamba alikusudia kuchora ngazi, na mwanamke akiwa juu ya ngazi. Umbali ukamkataa, ngazi ikawa kabati. Harold Ross, mwanzilishi na mhariri wa jarida, akampigia simu kuuliza yule mwanamke ni hai, amekufa, au amekaushwa na kujazwa pamba? Thurber akaomba muda. Akapiga baadaye kujibu kwamba fundi wa kujaza wanyama amesema mwanamke hawezi kujazwa, na daktari amesema maiti haiwezi kujishikilia kwa miguu na mikono, kwa hiyo lazima awe hai.

Ross ndiye huyo huyo aliyeambiwa na mtu kwamba anachapisha mchoraji wa daraja la tano, akamtetea Thurber kwa kusema ni wa daraja la tatu.

#9 Mkunga Mstaafu

Nimefanya kazi wodi ya macho kabla sijahamia uzazi, niongeze kidogo kwenye hoja ya Mzee wa Posta, maana Wino ameitupa mapema.

Jicho likichomwa vibaya, kinga ya mwili inaweza kugeuka ikashambulia na lile zima. Tuliwahi kumwona kijana aliyechomwa jicho na kipande cha waya, wazazi wakachelewa kumleta, na jicho la pili likaanza kuwa jekundu na kuogopa mwanga. Kwa Thurber jicho bovu halikuondolewa mapema, na hilo watu wengi wanalilaumu.

Lakini kuna jambo jingine. Mtu anayepoteza kuona, ubongo wake wakati mwingine hujaza pale pasipoonekana kwa picha zake wenyewe: watu wadogo, wanyama, maua. Siyo wazimu, ni hali inayojulikana kitabibu kwa jina la Charles Bonnet. Daktari wa ubongo V. S. Ramachandran aliandika kwamba huenda Thurber alikuwa nayo. Thurber mwenyewe ana makala tamu kuhusu siku miwani yake ilipovunjika, akaanza kuona mambo ya ajabu mitaani ambayo wenye macho mazima wananyimwa. Kwa hiyo sili kitandani, mwanamke juu ya kabati, kwa mtu kama huyo ni vitu vya kawaida kuonekana. Jicho halikumharibia mkono. Jicho lilimletea wageni.

#10 Mzee wa Posta

Asante sana dada Mkunga. Wino upo?

Naongeza ushahidi. Chuoni alishindwa somo la mimea kwa sababu kwenye darubini hakuwahi kuona seli hata moja. Mwalimu akamrekebishia kila namna. Siku moja akaona vidoa na mistari, akafurahi, akachora haraka. Mwalimu akaja kutazama, akapandwa na hasira: alikuwa amechora jicho lake mwenyewe lililoakisiwa kwenye kioo! Aliondoka chuoni bila shahada.

#11 Kalamu ya Mombasa

Ndugu zangu, nyote mnazungumza mkono na jicho. Maneno mmeyaacha wapi?

Funika maandishi chini ya ile katuni ya sili. Umebaki na nini? Kitanda na mnyama. Kinachochekesha ni sauti ya yule mke, na sauti hiyo ni kazi ya mwandishi. Wino anasema alikuwa mchoraji kwanza. Napinga kabisa. Katika mahojiano ya 1955 na The Paris Review, Thurber alisimulia kisa kimoja ambacho rasimu zake zote zikijumlishwa zilikaribia maneno 240,000, wakati kilichobaki mwisho hakizidi 20,000. Saa 2,000 za kazi! Katuni alizitoa kwa dakika. Mtu huweka jasho pale anapopaheshimu.

Alisema pia kwamba huandika kichwani muda wote. Wako karamuni, mkewe anamwendea na kumwambia, Thurber, acha kuandika. Mezani binti yake anauliza baba anaumwa? Mama anajibu haumwi, anaandika.

Someni kile kisa cha usiku kitanda kilipoanguka. Hakuna kitanda kilichoanguka! Baba kalala darini. Kijana kitanda chake chepesi cha kukunja kimempindukia chini. Mama kasikia kishindo, kaamini kitanda cha darini kimemuua mumewe, anapiga kelele. Binamu aliyelala chumba kile, ambaye huogopa kukata pumzi usingizini na huweka glasi ya kafuri jirani, anaamka akidhani ndiyo mauti yake, anajimwagia glasi nzima ya kafuri, anakabwa na harufu. Mbwa anadhani binamu ndiye mkosaji. Kila mmoja ana ukweli wake na wote wamekosea. Mchoro gani utafanya hivyo?

#12 Shemeji wa Columbus

Kalamu, na kile kitabu chenye kisa hicho, cha 1933, kimejaa michoro yake. Huwezi kuvitenganisha. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikuwa nacheka kabla sijafika mwisho wa ukurasa kwa sababu nimeshaona mchoro upande wa pili.

#13 Mwalimu wa Zamu

Kuna maelezo hamjayagusa, na mimi ndiyo nayaamini kuliko yote: watu wa Thurber hawana damu.

Mchoraji mmoja wa jarida, Carl Rose, aliwaletea wazo la wapiganaji wawili wa panga jembamba: mmoja anamkata mwenzake kichwa na kutamka neno la heshima la mchezo huo, kana kwamba amemgusa tu. Rose alikuwa anachora vizuri mno. Kichwa kile kingetisha. Ross akasema mpeni Thurber, watu wake hawana damu, vichwa vyao unaweza kuvirudisha. Akachora. Kichwa kiko hewani, uso umeshangaa kidogo, hakuna maumivu, na unacheka bila kuona aibu.

Mwandishi Dorothy Parker alipomwandikia utangulizi mwaka 1932 alisema watu hao wana sura ya biskuti ambazo hazijaokwa. Wanachubuka lakini hawafi. Ndiyo maana Thurber aliweza kuchora ugomvi wa ndoa, uoga, upweke, na tukavumilia kutazama.

#14 Rehema K

Samahani, mimi naona mnampamba. Kaka zangu hapa wote mnacheka, mmejiuliza nani anachekwa? Wanawake wa Thurber ni wakubwa, wakali, wamefura. Wanaume wadogo, wanyonge. Ana mchoro wa mwanamume mdogo anarudi nyumbani, na upande wa nyuma wa nyumba umegeuka kuwa uso wa mkewe unaomsubiri. Mwaka 1934 akachora mfululizo mzima wa vita vya wanaume na wanawake, na mwishoni jemadari wa wanawake ndiye anayesalimu amri. Hiyo ngano ya mume aliyeona farasi mwenye pembe moja bustanini akila waridi, mke anaita polisi na daktari wa akili ili mume afungwe, mwisho anafungwa mke. Ndoa yake ya kwanza na Althea ilikuwa inavunjika miaka hiyo hiyo, walitalikiana 1935. Alimalizia hasira zake kwenye karatasi.

Michoro naipenda, nimekua nayo nyumbani. Lakini tuseme yote.

#15 Bi Mkasi

Rehema umesema la maana. Ila mimi kwenye ile ya sili namwona mke ana haki. Umelala, mtu anakuamsha kusema kuna sili. Ningesema maneno yale yale.

#16 Mkunga Mstaafu

Rehema mwanangu, nakubali nusu. Nusu nyingine nataja wanawake wawili.

Mama yake, Mame, ndiye alikuwa mchekeshaji wa kwanza nyumbani. Thurber ameandika jinsi alivyojiweka kwenye kiti cha magurudumu kisicho chake katika mkutano wa maombi ya uponyaji, kisha akaruka juu akipaza sauti kwamba amepona. Mwenye kiti akaja juu. Hao wanawake wakubwa kwenye katuni, mimi nawaona wana nguvu ya Mame. Yeye hakuwadharau, aliwastaajabia.

Wa pili ni Helen, mke aliyemwoa mwaka 1935. Macho yalipokwisha, Helen alimsomea, akamhariria, akamwongoza. Alimsomea huyo huyo aliyechora vita vya wanaume na wanawake.

#17 Rehema K

Mama shikamoo. Kumstaajabia mtu na kumwogopa vinaweza kukaa pamoja. Bado jemadari wetu alisalimu amri.

#18 Baharia

Jamani nimecheka. Uzi umenikumbusha katuni ya Chakubanga ya Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Mzee wangu alikuwa anafungua gazeti kwa nyuma ili aanze na Chakubanga. Pale mstari ulikuwa mnene, chumvi nyingi, na maneno machache. Halafu ukija kwa Gado, Mtanzania aliyejipatia jina Nairobi kwenye Daily Nation, unakuta ufundi wa hali ya juu, kila mwanasiasa unamtambua kwa pua tu. Je, Gado akichora ovyo makusudi atachekesha zaidi? Sidhani. Kwa hiyo labda hoja ya ubovu haina kanuni, ni ya Thurber peke yake.

#19 Mwalimu wa Zamu

Baharia, Gado lazima umtambue anayemchora, ndiyo kazi yenyewe. Thurber hachori mtu fulani. Mtu wake hana sura ili awe jirani yako.

#20 Dereva wa Usiku

Mbona hamjamtaja mhusika wake Walter Mitty? Ile filamu ya Ben Stiller ya 2013 ndiyo iliyomtoa Thurber kwa watu wa kawaida.

#21 Chembechembe

Dereva, kabla ya hiyo kulikuwa na ya 1947 ya Danny Kaye, ambayo Thurber hakuipenda hata kidogo. Na kabla ya zote, kisa chenyewe kwenye The New Yorker, tarehe 18 Machi 1939. Ni kifupi, unakimaliza kabla daladala haijafika kituo cha tatu. Bwana mmoja anaendesha gari na mkewe kwenda mjini Waterbury. Mke anakwenda saluni, mume katumwa viatu vya mvua na biskuti za mbwa. Njiani yeye ni kamanda wa meli ya kivita, kisha daktari bingwa wa upasuaji, mshitakiwa mahakamani, rubani wa ndege ya mabomu. Mwisho amesimama ukutani akingojea mke atoke duka la dawa, na kichwani mwake anakabili kikosi cha kumpiga risasi bila kitambaa cha macho. Filamu zote mbili zinampeleka mtu huyu kwenye hatari ya kweli, akawa shujaa kweli. Kwenye kisa hafiki popote. Ndipo uchungu ulipo.

#22 Dereva wa Usiku

Nimekisoma sasa hivi kutokana na post yako. Naendesha lori usiku na nimewahi kuwa waziri, kipa wa timu ya taifa na mwokozi wa kijiji kizima kati ya Morogoro na Iringa. Huyu mzee alitujua.

#23 Kipepeo wa Usambara

Hahaha, mheshimiwa waziri.

Kuhusu urithi wake: kuna Tuzo ya Thurber ya ucheshi wa Kimarekani, inayotolewa na ile nyumba aliyoitembelea Shemeji. Mwaka 2017 aliipata Trevor Noah wa Afrika Kusini kwa kitabu cha utoto wake wakati wa ubaguzi wa rangi. Nilipoona habari ile niliona inafaa: mama mwenye nguvu kupita kiasi, nyumba yenye vituko, na hatari halisi nyuma ya kicheko.

#24 Mvua ya Vuli

Ongezeni na msimamo. Mwaka 1951 chuo kile kile alichoondoka bila shahada kilitaka kumpa ya heshima. Akaikataa, kwa sababu chuo kilikuwa kimeweka kanuni ya kuwabana wazungumzaji wa kualikwa. Wakati ule watu Marekani walikuwa wanaogopa kusema. Shahada wakaja kumpa 1995, amekwisha kufa miaka 34.

Siyo malaika. Miaka ya mwisho alikuwa mgomvi na pombe ilimzidi, na kitabu chake cha 1959 kuhusu Ross kiliwaudhi White na mkewe Katharine, watu waliomwinua. Lakini mwaka 1960 alipanda jukwaani New York, kipofu, akaigiza nafasi yake mwenyewe katika onyesho la visa vyake mara 88.

#25 Wino Mweusi

Mvua, asante. Hapo kwenye kuogopa kusema ndipo ninapotaka kuwapeleka, kwa sababu nimesoma hoja zote na bado nasimama kwenye mstari.

Mwaka 1939, vita vimeshaanza Ulaya, alitoa kitabu kidogo kiitwacho The Last Flower. Kila ukurasa mchoro mmoja na sentensi fupi chini. Vita vya 12 vya dunia vimemaliza miji, misitu, bustani, vitabu, michoro. Mbwa wamewakimbia mabwana zao. Wanaume, wanawake na watoto wamekaa tu, hawafanyi kitu. Siku moja msichana ambaye hajawahi kuona ua anakutana na ua la mwisho duniani. Anawaambia watu kwamba linakufa. Anayesikia ni kijana mmoja tu. Wawili hao wanalilea, nyuki anakuja, maua yanakuwa mawili, manne, mengi. Msichana anaanza kujali sura yake. Upendo unarudi. Nyumba zinarudi, nyimbo, washonaji, mafundi viatu, washairi, kisha wanajeshi. Kisha wakombozi wanaowachochea watu wasiridhike. Vita vinaanza tena. Safari hii kinabaki mwanamume mmoja, mwanamke mmoja, na ua moja.

Tazama ukurasa wa wanajeshi. Ni vijistari vilevile vya mbwa na sili. Wanatembea safu kwa safu na hawana sura. Mchoraji hodari angewapa sura, ungeanza kumwangalia huyu na yule. Thurber anawaacha watupu. Na msichana alipoinama juu ya ua, mgongo wake ni mstari mmoja, hauzidi urefu wa kidole, na una huruma yote. Alikitolea wakfu kwa binti yake Rosemary, aliyekuwa na miaka 8, kwa matumaini kwamba dunia yake itakuwa bora kuliko ya babake. Kalamu, hapa funika maneno. Nakuhakikishia utaelewa kisa chote.

#26 Kalamu ya Mombasa

Wino, hapo umenibana, kitabu hicho nakipenda. Lakini na wewe chukua ngano ya sungura na mbwa mwitu ya mwaka huo huo. Mbwa mwitu wanawalaumu sungura kwa kusababisha matetemeko, kwa kupiga ardhi miguu ya nyuma. Kisha radi, kisha mafuriko. Wanyama wa mbali wanaahidi kuingilia kati. Mwishowe mbwa mwitu wanawaweka sungura "chini ya ulinzi", na baada ya muda hawaonekani tena. Wakiulizwa wanasema waliliwa, hilo ni suala la ndani. Dunia inapiga kelele kidogo, basi. Hapo mstari hauna kazi. Mtu wa Burundi, wa Rwanda, wa Kongo akisoma ile ngano hahitaji mchoro.

#27 Mama Zuhura

Mimi naulizia watoto. Nianze na kipi? Wa kwangu ana miaka 9 na anasoma Kiingereza vizuri.

#28 Kipepeo wa Usambara

The 13 Clocks, 1950. Mtawala mwenye mikono baridi anayedai ameua wakati, saa 13 za ngomeni zimesimama kwenye dakika 10 kabla ya saa kumi na moja. Msomee kwa sauti, lugha inaimba. Michoro ni ya Marc Simont, maana Thurber alikuwa haoni tena. Mhusika mmoja anavaa kofia isiyoelezeka. Thurber alimtaka Simont amweleze kila mchoro kwa maneno. Alipofika kwenye kofia akashindwa kuieleza, na Thurber akaridhika.

#29 Bi Mkasi

Nimefanya jaribio la Kalamu. Nafundisha sanaa kidato cha pili. Leo niliwaonyesha sili wa kitandani bila maneno. Nusu ya darasa walicheka kabla sijasema lolote. Nilipowasomea maneno, nusu ya pili wakacheka, na wale wa kwanza wakanyamaza, mmoja akasema mama amemwonea baba. Kisha wakaanza kubishana kama sili ni mgonjwa au ameota. Kijana mchoraji bora wa darasa akaomba karatasi amchore vizuri. Alimpatia masharubu sawasawa, na hakuna aliyecheka.

#30 Mzee wa Posta

Bi Mkasi, hao waliocheka mwanzo waliketi mbele au nyuma? Nauliza kwa sababu ya macho.

#31 Wino Mweusi

Mzee wa Posta!

Bi Mkasi, tafadhali wiki ijayo wapelekee wa kabati la vitabu, ila anza na maneno kabla ya picha. Tuone.

#32 Rehema K

Na uwaulize wasichana peke yao.